Cecylia Kati ya Urszula Wawili

Poznań, 11 Novemba 1981

Fela shoga yangu,

Kaa chini kwanza. Umekaa? Iko mistari miwili kwenye filamu!

Nakuandikia vidole vikinata sukari, maana leo ni sikukuu ya Mtakatifu Martin na mji mzima unakula maandazi yaliyojazwa mbegu za mpopi. Mama kapanga foleni tangu alfajiri akapata manne. Mawili akakuwekea wewe, kisha akakumbuka kwamba uko Strasbourg, akayala mwenyewe. Anasema aliyala kwa uchungu wa kukukosa.

Sasa sikiliza. Ulipoondoka Septemba uliniacha natwanga vifundo vya mizizi ya mlupini, ule mmea wa jamii ya kunde, na Profesa Stasiak akinipigia kelele kwamba RNA yangu ni chafu. Nimetwanga upya, mizizi huku, mbegu changa kule. Ile RNA ndefu, isiyokatwa bado, ni moja kotekote. Lakini ile iliyokwisha kukatwa na kuungwa ina urefu mmoja mizizini na urefu mwingine mbeguni. Nimerudia mara tatu. Mara tatu, Fela! Jeni ni ileile, nakala ni ileile, ila mkasi unapita mahali pengine.

Mama aliniuliza juzi, huku anamenya viazi, "Hebu niambie, mnakata nini huko kutwa kucha?" Nikamwambia: seli ikitaka kutengeneza protini hunakili maelekezo ya jeni yote kwenye RNA kama yalivyo, ya maana na ya upuuzi yamechanganyika. Halafu hukata upuuzi, ikaunga kilichobaki, ndipo hukisoma, herufi tatu tatu, mpaka ifike kwenye tatu zinazosema "simama". Herufi moja ikipotea, tatu zote zinazofuata zinakwenda mrama. Mama akafikiri, kiazi mkononi. "Basi huyo seli wako hana akili. Kwa nini asiandike safi tangu mwanzo?"

Nilimrukia nikambusu na maganda yake. Kwa sababu andiko lisilosafishwa unaweza kulisafisha namna mbili, mama! Mizizi inapata protini yake, mbegu inapata yake, na jeni ni moja tu. Akasema kumbe seli ni kama yeye na koti la marehemu baba: koti moja, limetoa sketi na kizibao.

Stasiak haamini. "Bibi Ratajczak, urefu ni urefu tu. Niletee herufi." Nami muda wangu wa shahada ya udaktari unaisha tarehe 30 Juni, na ukishapita meza yangu anapewa mwingine. Kwa hiyo ni herufi au nirudi kufundisha shule Gniezno. Niombee.

Wako mwenye kelele,
Bogna


Strasbourg, 30 Novemba 1981

Bogna wee!

Nimesoma barua yako maabarani nikapiga ukelele, wakadhani nimejimwagia asidi. Ikabidi nimweleze Madame Oberlin, mkuu wetu, na huyo mama hashangai hata gari likimgonga. Safari hii aliweka kikombe chini.

Sababu ni hii. Miaka miwili iliyopita alipanga mfuatano wa protini ya mbegu za mlupini, kiungo baada ya kiungo. Katikati kuna kipande ambacho hakifanani na protini ya mizizi hata kidogo, na hakuna aliyejua kimetoka wapi. Watu wakamwambia alichanganya chupa! Ameyameza matusi hayo miaka miwili. Sasa wewe unakuja na mkasi unaopita mahali pengine.

Nitumie herufi za mbeguni mara tu ukizisoma, nizilinganishe na protini yake. Zikilingana, jina lako linaingia kwenye orodha ya mkutano wa hapa, wewe wa kwanza, mimi mkiani. Mwisho wa kuandikisha ni 15 Juni. Fanya haraka, maana liko kundi la ng'ambo linalonusanusa jambo hilihili kwenye mbaazi.

Na uvae glavu, mchafu we! Vidole vyako vya sukari vinaila RNA kabla seli haijaigusa. Mwambie mama nimeyasikia maandazi yangu yakilia tumboni mwake.

Fela


Poznań, 18 Januari 1982

Fela wangu,

Mambo yamebadilika tangu hali ya kijeshi itangazwe Desemba, unayasikia redioni, sina haja ya kuyasimulia. Ukiinua simu, sauti inakuambia kwamba mazungumzo yanasikilizwa. Barua yangu ya Mwaka Mpya, ile iliyojaa herufi A, C, G na U, imezuiwa, nikarudishiwa bahasha tupu yenye mhuri: maandishi ya fumbo hayaruhusiwi. Basi tuyaache ya kazi. Nikupe umbea wa sherehe ya jina la mama, sikukuu ya mtakatifu wa jina lake.

Walikuja shangazi zangu wote wanne, unawajua: Adela, Cecylia, Grażyna na Urszula. Walikuja wengi, wengi sana! Tukawaketisha watatu watatu kwa kila benchi. Waliofungua ni Adela, Urszula na Grażyna, kama ilivyo desturi. Katikati wakaingia wazamiaji. Hao unawatambua mlangoni: wanaotangulia ni Grażyna na Urszula wameshikana mikono, na wanaotoka mwisho ni Adela na Grażyna wameshikana mikono. Waliomo kati yao wote hawakualikwa. Kule mizizini wazamiaji walitolewa kwa mlango wa mbele, lakini huku mbeguni walitolewa kwa mlango wa nyuma, wakabeba na watu wa watu themanini, na mabenchi yote yaliyofuata yakapangika upya.

Orodha nzima nimeiandika nyuma ya karatasi. Hapa nakuonjesha tu waliokaa baada ya mlango wa nyuma kufungwa:

Grażyna, Cecylia, Urszula.
Cecylia, Urszula, Adela.
Grażyna, Cecylia, Adela.

Na kadhalika mpaka mwisho, jumla benchi arobaini na moja, na hakuna aliyevunja sherehe! Umeona Cecylia wa benchi la pili? Kakaa kati ya Urszula wawili, mmoja kushoto, mmoja kulia. Mama alikulia Lwów, na kwao anayekaa kati ya wawili wa jina moja huomba jambo likatimia. Nimemwambia Cecylia aombe upesi.

Sijalala vizuri wiki nzima kwa furaha. Nijibu, nijibu, nijibu.

Bogna


Strasbourg, 1 Machi 1982

Bogna,

Hii ni barua ya tatu nakuandikia tangu Krismasi, na wewe kimya. Sijui kama zinafika. Sijui kama unaniandikia na zako hazifiki, au huandiki.

Niseme lililo moyoni? Nadhani umenikasirikia. Nilipotakiwa kurudi Desemba sikurudi, na wewe umebaki huko na foleni na baridi, mimi nakula mikate ya siagi. Kama ndivyo, nitukane, nitasoma matusi yako kwa raha. Kunyamaziwa ndiko kunakoniua.

Madame Oberlin ananiuliza kila Jumatatu, "Na huyo rafiki yako wa mlupini?" Namjibu kwamba posta ni mbovu.

Andika hata mstari mmoja.

Fela


Poznań, 14 Machi 1982

Fela mpumbavu wangu mpenzi,

Nani kakasirika? Nilikuandikia Januari barua ndefu yenye sherehe nzima ya shangazi zangu, na sikuweka nakala. Kumbe haikufika! Mimi nami nilidhani umepata marafiki wapya wenye glavu safi. Tumekuwa kama wagomvi wa jikoni, kila mmoja kanuna na hakuna aliyemkosea mwenzake.

Nakuandikia upya nyuma ya karatasi wageni wote waliokuja kwenye jina la mama, kwa mpangilio waliokaa, mstari mmoja mrefu. Adela, Cecylia, Grażyna, Urszula, hao shangazi zangu wanne. Wapange mwenyewe, watatu watatu. Waliokuja kwa mkono wa Grażyna na Urszula na kuondoka kwa mkono wa Adela na Grażyna ni wazamiaji, watoe. Mlango ni wa nyuma. Sijawapanga kwenye mabenchi safari hii, sina moyo wa kupanga.

Mwenye nyumba, yule mzee wetu wa kelele na lenzi, aliipitia orodha kabla sijaituma. Mambo ya kawaida.

Mama anakusalimu. Nyama ni kwa kadi za mgao, ila viazi vipo, na jibini laini ya kumwagia juu ipo. Mtu wa Poznań akiwa na viazi hafi.

Bogna


Strasbourg, 6 Aprili 1982

Bogna!!!

Tangu lini mtoto wa mama na baba wasio na ndugu hata mmoja akawa na shangazi wanne? Nilisoma barua yako mara mbili nikidhani umepata wazimu. Mara ya tatu nilikuwa kwenye basi, herufi za kwanza za majina zikanirukia machoni, nikacheka peke yangu hadi abiria wakahama viti. Nimevuka kituo changu. Nimevuka vituo viwili! Wewe mwanamke ni shetani.

Nikakimbia maabarani, nikawatoa wazamiaji kwa mlango wa nyuma, nikawapanga waliobaki. Madame Oberlin alisimama nyuma yangu na karatasi ya protini yake. Benchi la kwanza sawa. La pili sawa. La tatu, la nne, mpaka la kumi na mbili, yote sawasawa na protini yake. Tukavuka mahali pa mlango. Benchi la kumi na tatu, Grażyna, Cecylia, Urszula, sawa!

La kumi na nne: Urszula, Adela, Grażyna.

Unajua hao watatu kwa mpangilio huo ndio wanaosema "simama": wakikaa, sherehe imekwisha. Imevunjika hapohapo, na benchi ishirini na saba za watu zimebaki nje. Madame akachukua karatasi yake akaondoka. Mlangoni akasema, bila ubaya, "Labda kweli nilichanganya chupa."

Bogna, kuna mgeni kakosekana? Hebu angalia filamu yako. Pengine umenakili haraka. Niambie umenakili haraka.

Fela


Poznań, 25 Aprili 1982

Fela,

Sikunakili haraka. Na nilijua.

Nisamehe. Nilijua kabla sijatia barua kwenye bahasha kwamba sherehe inavunjika benchi la kumi na nne. Nilikupelekea hivyohivyo nikitumaini wewe utaona nisichokiona. Sasa nikuambie yote, na anayesoma barua hii kabla yako asome tu, yanayonihusu mimi si siri ya taifa.

Januari orodha yangu ilisomeka hadi mwisho. Nilimpelekea mzee Stasiak mbiombio. Akaweka filamu kwenye taa, ile yenye mstari mmoja kwa kila herufi, akatoa lenzi yake na wembe wake. Unajua desturi yetu: daftari ni la wino, na kosa halifutwi, linakwanguliwa. Akakaa alasiri nzima. Kila alipoona mstari hafifu alisema, "Hiki ni kivuli," na wembe ukapita. Vivuli tisa. Vingine alivifuta, vingine alivibadilisha. Alipomaliza alipuliza unga wa karatasi, akaniambia kwa upole, na upole ndio ulioniumiza: "Bibi Ratajczak, uliona ulichotaka kuona. Uliongeza wageni ili sherehe inoge. Hata mimi nilipokuwa kijana nilifanya hivyo."

Na mimi, Fela, nilikubali. Nilisema "ndiyo, Profesa". Nilikuwa nimeona kwa macho yangu haya mawili, nikampa mtu mwingine macho hayo ayakwangue.

Sasa siwezi kujua alikwangua wapi, karatasi amezilainisha kwa ukucha zote ziko sawa. Filamu haipo: mwisho wa Machi maabara zilikusanya filamu zote kuukuu zikapelekwa kuyeyushwa ili kupata madini ya fedha yaliyomo. Barua ya Januari ndiyo iliyokuwa nakala pekee. Ningeweza kukaa hapa nikaongeza mgeni popote, na sherehe ingenoga, lakini huo ni ushonaji, si sayansi. Na ndilo hasa alilonishtaki nalo.

Fosforasi ya mionzi, inayochora mistari kwenye filamu, inakuja mara moja tu, tarehe 20 Mei, kichupa kimoja. Inatosha jeli moja, kioo kimoja cha utelezi unaotenganisha herufi. Na jeli moja inasoma sehemu moja tu ya orodha, nami nina sehemu nne za kuchagua. Nikikosea sehemu, hakuna nyingine kabla ya Septemba, na Septemba meza si yangu.

Shule ya Gniezno wameniandikia. Wanataka mwalimu wa kemia. Pengine ni heri.

Bogna


Strasbourg, 7 Mei 1982

Bogna,

Gniezno nenda ukatembee, usinitie hasira!

Nimemwambia Madame habari ya wembe. Alisema mambo mawili. La kwanza siliandiki, lilimhusu mzee wako na lenzi yake. La pili ni hili: kuna mahali RNA hujikunja yenyewe, ikapita kwenye jeli ikiwa imejikunyata, na hapo mistari miwili hulaliana ikaonekana mmoja na kivuli. Dawa yake ni moto. Jeli yako iendeshe ikiwa moto, ipashe hadi kioo kisishikike, uzi utanyooka na kila mgeni atasimama peke yake.

Lakini wapi, hilo hata yeye hajui. Chagua kwa moyo, dada. Mimi ningechagua karibu na mlango.

Usiniandikie tena barua ya kuaga. Sitaipokea.

Fela


Poznań, 19 Mei 1982

Fela Fela Fela!

Naandika nimesimama, kiti hakikaliki. Imerudi!

Jana mama alifungua sanduku la barua akakuta bahasha kwa mwandiko wangu mwenyewe. Akanifokea: "Umeanza kujiandikia mwenyewe sasa?" Ni barua ya Januari. Imelala kwenye ofisi yao ya kukagua barua miezi minne. Imekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo imekuwa laini kama leso. Mtu ameisoma, na ameisoma, na ameisoma. Pembeni kuna vijitarakimu vya penseli, alikuwa anahesabu Adela wangapi, Grażyna wangapi, anatafuta fumbo, maskini wa Mungu. Kisha ameacha kuhesabu.

Na mahali pamoja tu ameweka duara. Benchi la kumi na nne, Cecylia. Yule aliyekaa kati ya Urszula wawili. Pembeni kaandika kwa mwandiko mdogo wa mtu wa shule:

"Machi hayupo. Yuko wapi?"

Nimeketi ngazini nikalia, mama akadhani kuna aliyekufa. Kumbe ameisoma ya Machi pia, na ya Aprili, akaona shangazi kapotea, akamkumbuka! Nilimtaja kwa mzaha wa Lwów, na mzaha huo ndio uliomkaa kichwani. Mimi niliyemzaa nilimsahau.

Nimelinganisha orodha mbili, ya Januari na ya mzee. Tofauti ni tisa kamili. Nane zimo kwa wazamiaji, na wazamiaji hutupwa hata hivyo, waitwe Adela au Cecylia. Ya tisa ni yeye. Madame kasema kweli na wewe umesema kweli: ni hatua mbili tu kutoka mlangoni.

Nakiri bado ni macho yangu dhidi ya wembe wa mzee. Lakini sasa najua pa kumwaga kichupa changu.

Kesho inafika. Kesho!

Bogna


Poznań, 25 Mei 1982

Fela,

Yupo.

Subiri, nikusimulie vizuri, siwezi kukunyima.

Nilimwambia Stasiak kwamba nasoma sehemu ya baada ya mlango, na jeli ya moto. Akasema, "Kichupa cha mwisho, Bibi Ratajczak?" Nikasema, "Ndiyo, Profesa," lakini safari hii ilikuwa ndiyo yangu. Nilifunika kioo kwa blanketi la mama kisipoteze joto. Kilichemka hadi mkono haukai. Mama alikuja na chungu cha viazi, akaona blanketi lake, akasema kama seli inapenda joto basi ana akili kuliko alivyodhani.

Filamu niliiacha siku mbili kwenye barafu. Leo asubuhi nikaitoa kwenye maji, bado inachuruzika, nikaiinua dirishani. Nilisoma kwa sauti. Grażyna. Cecylia. Urszula. Na hapo, Fela, juu ya Urszula, mahali palipokuwa na kivuli, umesimama mstari mweusi, mnene, peke yake, kwenye njia ya C. Kisha Urszula wa pili. Nikapiga ukelele ambao umeusikia huko, usikatae.

Mzee akaja na lenzi. Akatazama muda mrefu. Lenzi akaiweka mfukoni, akatazama bila lenzi. Kisha akanyoosha mkono: "Naomba wembe."

Nilidhani anakwenda kukwangua tena.

Alifungua daftari langu, akakwangua maandishi yake mwenyewe, taratibu, akapuliza. Akanipa kalamu, hakuniandikia. "Wewe ndiye uliyemwona," akasema. "Mwandike." Nimeandika C kubwa mno, imepanda hadi mstari wa juu. Akasema iachwe hivyo.

Nyuma ya karatasi ni orodha kamili, imepangwa kwenye mabenchi. Kimbia na Madame. Zimebaki siku ishirini na moja.

Bogna


Strasbourg, 9 Juni 1982

Bogna, malkia wa wazamiaji,

Imefika leo saa nne. Saa tano tulikuwa tumesimama wawili mbele ya meza, Madame anasoma protini yake kwa sauti na mimi nasoma mabenchi yako. La kumi na tatu, sawa. La kumi na nne: Cecylia, Urszula, Adela. Sawa! La kumi na tano, sawa. Alianza kusoma kwa sauti ya mwalimu, akamaliza kwa sauti ya mtu anayeshangilia mpira. Benchi la arobaini na moja, sawa, na baada yake la kuvunja sherehe, hasa pale inapotakiwa kuvunjika. Kipande chake cha miaka miwili ni chako chote. Akakaa chini. Akasema, "Sikuchanganya chupa," akasema tena, akafuta miwani ambayo haikuwa na kitu.

Jina lako liko kwenye orodha ya mkutano tangu saa sita mchana, la kwanza. La mzee la pili, nimekubali, kwa ajili ya wembe wa mwisho. Madame ameandika barua kwa wakubwa wenu wa udaktari, ya kurasa mbili, na huyo mama haandiki hata kadi ya pole. Kukuruhusu usafiri ni juu yao huko, lakini hata wasipokuruhusu nitasimama nisome mimi, na nitasema wewe ndiye uliyemwona.

Sasa nina swali, na nina kisa. Swali: kwenye makala, kwenye zile shukrani za mwisho, tutamshukuruje yule bwana wa penseli? Au bibi? Madame anapendekeza "kwa msomaji mmoja makini".

Kisa: barua yako ya 25 Mei ilikuja imefunguliwa na kugongwa mhuri kama kawaida. Lakini chini kabisa, chini ya jina lako, kwa penseli, mwandiko mdogo wa mtu wa shule, kuna maneno mawili:

"Aliomba nini?"

Sikuyafuta. Mjibu wewe, shangazi ni wako.

Fela


Poznań, 21 Juni 1982

Fela dada yangu,

Naandika kwa ufupi, mama kaniita mara tatu. Wakubwa wamekubali udaktari, natetea tarehe 28. Mzee mwenyewe amenunua maua, akayaficha nyuma ya jokofu la maabara, kila mtu ameyaona. Pasi ya kusafiri hawajanijibu. Nimewaandikia Gniezno kwamba watafute mwalimu mwingine.

Kwenye shukrani andika hivyo alivyosema Madame, "kwa msomaji mmoja makini". Usiongeze neno wala usipunguze.

Mama anasema ukija atakuwekea maandazi yako mawili, na safari hii hatayagusa. Usimwamini.

Wako,
Bogna

Na wewe unayeisoma kwanza: uliuliza Cecylia aliomba nini, pale kati ya Urszula wawili. Aliomba asifutwe.